JEKI NI YA KUINUA, SI YA KUSHIKILIA



Hadithi ya sefu ya benki kila mwenyeji wa Eldoret ameisikia. Yasimuliwa kwamba mwaka 1912, wakati watu walikuwa wangali wakiuita mji huu "64" kwa namba ya shamba lililokuwa hapa (na wazee wa Kikalenjin mpaka leo husema Sisibo), Standard Bank of South Africa ilileta sefu yake kwa gari la ng'ombe ili ifungue tawi. Wakati wa kuishusha, sefu ikaponyoka ikaanguka chini. Wanaume wakajaribu kuiinua wakashindwa, na mwisho ikaamuliwa iachwe palepale ilipoangukia, na kuta za benki zijengwe kuizunguka. Watu huisimulia kwa kucheka.

Sisi twaikumbuka kwa sababu nyingine. Mwaka ule wa 1912 ilikuwa imekwisha pita miaka 117 tangu fundi mmoja wa Uingereza, Joseph Bramah, apate hati ya serikali ya chombo chake cha kukandamiza vitu kwa nguvu ya maji. Elimu ilikuwako duniani. Wanaume wa kuinua nao walikuwako. Kilichokosekana pale ni chombo. Leo fundi yeyote hapa Yamumbi ana jeki ya umbo la chupa, aweza kuibeba kwa mkono mmoja kutoka gereji hadi kwa jirani yake Langas, na angeiinua sefu ile peke yake huku anazungumza na simu.

Basi jambo tunalotaka kulisema katika karatasi hii lahusu jeki hiyo, kwa sababu nusura imwue mwenzetu.

Hatutamtaja jina, wala hatutaitaja karakana, maana shauri bado linaendelea. Lori la trela lilikuwa limeinuliwa nyuma ili libadilishwe springi. Lilikuwa limeinuliwa kwa jeki moja tu, na chini ya jeki kimewekwa kipande cha ubao. Ndugu yetu akalala chali akaingia chini na spana yake. Alikuwa amekwisha fungua bolti mbili alipoona chesisi inakaribia uso wake. Haikuanguka kwa kishindo. Ilishuka polepole, kama mtu anayeketi kwenye kiti. Alitoa kichwa na kifua, lakini mkono wa kushoto ulibaki ukabanwa. Wenzake walikimbia kutafuta jeki ya pili, ikapatikana, wakapiga mkono wa jeki mpaka chuma kikamwachia. Yu hai, twashukuru. Mkono umevunjika mahali pawili.

Siku ya pili yake kukawa na maneno ya namna mbili. Tajiri na nyapara wake walisema ni uzembe, fundi hakukaza vizuri skrubu ya kufungulia jeki. Wengine katika sisi wenyewe, tena watu wazima, walisema ni ajali, siku yake ilikuwa imefika lakini Mungu akamwondolea. Sisi hatukubaliani na upande wowote katika hizo mbili. Hatusemi skrubu haiwezi kulegea, wala hatushindani na Mungu. Twasema kwamba mtu akijua jeki inafanyaje kazi, ataona mwenyewe kwamba kosa lilikuwa limekwisha fanyika kabla ya skrubu kuguswa, na aliyelifanya si yule aliyelala chini.

Na hapa ndipo penye aibu yetu. Katika mkutano wa tawi tuliuliza watu walioinua magari miaka 10, 15, hata 20: jeki hupata wapi nguvu? Mmoja alisema ni chuma chake. Mwingine alisema ni oili, kwa kuwa oili ni nzito. Kijana mmoja alisema kuna springi ndani. Hakuna aliyejua, na si ajabu, maana hakuna aliyewahi kutufundisha. Tulifundishwa "piga jeki", basi. Tajiri hununua mikono, kichwa hakimhusu.

Kwa hiyo siku ile tulifanya mchezo. Tulinunua dukani kwa mwuza dawa mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, moja dogo la mililita 5 na moja kubwa la mililita 60, tukayaunganisha kwa mpira mwembamba wa kutilia maji mgonjwa, tukayajaza maji na kutoa upepo wote. Bomba kubwa tulimpa ndugu yetu mpakiaji wa magunia, ambaye nyote mwamjua kifua chake. Bomba dogo tukampa binti wa shule aliyekuja kumsubiri mamaye. Tukawaambia kila mmoja asukume kwa kidole gumba, tuone nani mshindi. Binti alimshinda. Mpakiaji akaona haya, akasukuma tena kwa gumba zote mbili, na binti akamrudisha tena nyuma huku anacheka. Watu walipiga makofi mpaka majirani wakaja kuchungulia.

Siri yake ni hii. Maji au oili iliyofungiwa mahali pasipo na upepo haikubali kubanwa ikawa ndogo. Ukiisukuma upande mmoja, msukumo ule huenda kila upande, kwa kadiri ileile, katika kila pembe ya chombo. Mfaransa Blaise Pascal, aliyekufa mwaka 1662, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa uwazi, na kanuni hiyo huitwa kwa jina lake mpaka leo. Tuite msukumo huo presha, maana ndilo neno la gereji: presha ni nguvu inayokaa juu ya kila sentimita moja ya mraba. Sasa, kama presha ni ileile kila mahali, basi penye eneo dogo nguvu yote ni ndogo, na penye eneo kubwa nguvu yote ni kubwa. Mdomo wa ndani wa bomba kubwa una eneo kama mara 5 ya lile dogo. Binti akisukuma kwa nguvu ya kilo 2, mpakiaji asukumwa kwa nguvu ya kilo 10. Maskini mpakiaji hakuwa akipigana na mtoto. Alikuwa akipigana na hesabu.

Jeki ni mchezo uleule, ila badala ya bomba la sindano kuna pistoni mbili za chuma. Tuchukue mfano wa jeki ambayo pistoni yake ndogo, ile ya pampu, ina upana wa sentimita 1, na ile kubwa inayoinua ina upana wa sentimita 4. Msidanganyike mkasema kubwa ni mara 4. Upana ni mara 4, lakini eneo ni mara 4 kwa 4, yaani 16. Tena kuna mkono wa jeki, ambao ni wenzo: tuseme wafanya nguvu ya mtu iwe mara 15. Fundi akikandamiza mkono kwa uzito wa kilo 20, kazi ya mtoto wa darasa la saba, pistoni ndogo yapata kilo 300, na pistoni kubwa yapata mara 16 ya hizo, ambazo ni kilo 4,800. Karibu tani 5, kwa mkono wa mtu mmoja asiyetokwa na jasho.

Lakini ngojeni. Kuna watu katika chama hiki wapendao sana kusema kwamba umoja wetu ni kama jeki, kwamba kila mmoja akitia kidogo nguvu huzaliwa kubwa. Ni maneno matamu ya mkutanoni, na hatuyakatazi. Ila jeki haizai kitu. Kila pigo la mkono husukuma pistoni ndogo sentimita 2, na pistoni kubwa hupanda sehemu moja ya 16 ya hizo, yaani milimita 1 na robo. Ukitaka lori lipande sentimita 10, utapiga mara 80. Kila pigo mkono wako husafiri sentimita 30, kwa hiyo mapigo 80 ni mita 24. Kilo 20 kwa mita 24 ni 480. Kilo 4,800 kwa sehemu ya kumi ya mita ni 480. Sawasawa, hata punje moja haikuongezeka. Na katika jeki ya kweli hupungua kidogo, kwa sababu ya msuguano. Nguvu imeongezeka, kazi ni ileile, nawe umeilipa kwa mapigo 80 na kwa wakati.

Twawaomba wale wanaolipwa kwa idadi ya magari wakumbuke hesabu hii siku ya kuzungumza bei. Tajiri husema, "Siku hizi mna mashine, kazi imekuwa nyepesi." Imekuwa nyepesi kweli, mgongo unashukuru. Haikuwa fupi.

Turudi kwa ndugu yetu chini ya lori. Lori limekwisha panda, fundi ameacha kupiga. Ni kitu gani sasa kinachozuia tani zile zisishuke? Watu hutazama chuma kinene cha jeki, wakaridhika. Lakini chuma hakishikilii lori. Chuma kimesimama juu ya oili, na oili ingependa kutoka. Katika mfano wetu, presha ya oili ile ni karibu kilo 380 juu ya kila sentimita ya mraba. Gurudumu la lori hujazwa upepo wa kilo 7 au 8 hivi, na nyote mwajua gurudumu likipasuka linavyofanya. Oili ya jeki ina presha ya mara 50 ya ile, na inayoizuia isitoke ni sili, kipete cha mpira chenye unene wa kamba ya kiatu, pamoja na kigololi kinachokaa juu ya tundu dogo.

Hapo ndipo uhai wa mtu ulipotundikwa. Sili ikichakaa, oili yapita. Punje ya mchanga ikikaa chini ya kigololi, tundu halifungi sawasawa, oili yapita. Na oili ikipita tone kwa tone, lori latelemka kama lilivyotelemka lile, polepole, bila kelele, na mtu aliye chini yuko na nati yake haoni. Skrubu ya kufungulia yaweza kuwa imekazwa kwa nguvu zote za dunia. Sili haiulizi skrubu.

Tena sisi mafundi twaongeza ubaya kwa mikono yetu. Jeki ikipungukiwa tunaitia chochote kilicho karibu. Tumeona kwa macho mtu akitia mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya kawaida hayapatani na mpira wa sili za jeki: huufanya uvimbe na kulainika, na jeki iliyokuwa nzima inakuwa adui. Na kinyume chake ni hivyohivyo, oili ya jeki ikitiwa katika breki huharibu mpira wa breki, na mwenye gari atalijua hilo kwenye mteremko. Wengine hutia oili chafu iliyomwagwa kutoka injini, yenye vumbi la chuma ndani yake, halafu hushangaa kigololi hakifungi. Jeki itiwe oili ya jeki. Ikilala kwa ubavu ikaingiwa na upepo, itolewe upepo kabla ya kazi, kwa maana upepo hubanwa lakini oili haibanwi, na jeki yenye upepo hurukaruka kama pedali ya breki ambayo haikutolewa upepo.

Basi twasema wazi: hata jeki mpya, iliyonunuliwa jana, yenye maandishi ya tani 10 ubavuni, si kitu cha kulala chini yake. Maandishi yale yasema jeki yaweza kuinua kiasi gani. Hayasemi itashikilia kwa muda gani, wala hayaijui ardhi ya karakana yako. Jeki huinua, ikisha inua, uzito uhamishwe ukae juu ya stendi ya chuma yenye pini, au magogo mapana ya mti mgumu yaliyopandanishwa msalaba. Chuma na mti havina sili. Si mawe, wala si matofali ya saruji, maana tofali hubeba kimya mpaka ghafla linapasuka. Na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe kabari mbele na nyuma kabla ya pigo la kwanza. Hayo ndiyo tuliyoyaita kosa lililofanyika kabla: pale hapakuwa na stendi hata moja. Nyapara ambaye leo anauliza habari za skrubu hakuuliza siku ile habari za stendi.

Twajua mafundi wengine watatucheka. Kuna majivuno katika kazi hii, na sisi tulikuwa nayo. Mtu anayeomba stendi huitwa mwoga, na mwanagenzi akisita kuingia chini huambiwa arudi kwa mamaye. Tumeyasema maneno hayo wenyewe, na sasa tunaona haya, kwa sababu aliyekuwa akiambiwa hivyo mara nyingi ni kijana wa miaka 18 asiyejua hata jeki ina nini ndani.

Ndugu zetu wa mashambani wasidhani haya ni mambo ya gereji tu. Katika Uasin Gishu yetu ya mahindi na ngano, oili ya presha iko kila mahali. Trekta inayoinua jembe nyuma yake hufuata mtindo wa Harry Ferguson wa Ireland, ambaye trekta zake ndogo za kijivu zilitengenezwa Coventry kutoka mwaka 1946 hadi 1956. Kabla ya mtindo huo dereva alikokota jembe kama mzigo, na baadaye akaliinua kwa kidole kwenye kijiti kimoja. Ni neema kubwa. Lakini jembe lililoinuliwa limesimama juu ya oili vilevile. Kombaini ya ngano nayo, ule mdomo wake mpana wa mbele hupandishwa kwa oili, na wakati wa mavuno watu huingia chini yake kuchomoa majani yaliyokwama. Mashine hizo huwa na chuma cha kufungia mdomo usishuke. Ulizeni chuma hicho kiko wapi. Mara nyingi kiko stoo, au kimefungwa nacho lango la ng'ombe.

Tipa ni mbaya kuliko zote. Bodi la tipa linapokuwa juu, mtu huingia chini yake kutia grisi, au kutazama kwa nini halishuki. Hapo mpira mmoja ukipasuka, oili yote yatoka mara moja, na bodi halitelemki polepole kama lori la ndugu yetu. Bodi litegemezwe kwa nguzo yake ya chuma, likiwa tupu, kabla ya mtu kuweka hata mguu. Dereva anayesema "nitakuwa hapa hapa kwenye usukani, usiogope" hana cha kukusaidia. Usukani haushiki oili.

Na jambo moja ambalo wengi hawalijui kabisa. Mpira wa oili ya presha ukitoboka tundu dogo kama ncha ya sindano, oili hutoka kwa uzi mwembamba ambao pengine hata hauonekani. Fundi huona mahali pameloa, akapitisha kidole kutafuta panapovuja. Uzi ule hupenya ngozi na oili huingia ndani ya mkono. Haitoki damu nyingi. Huuma kidogo, kama kuchomwa na mwiba, na mtu hufuta kidole kwa kitambaa akaendelea na kazi. Usiku mkono huvimba. Jambo hilo latakiwa kupasuliwa na daktari upesi, siku ileile, na anayengoja aweza kupoteza kidole au mkono mzima. Zimeni mashine, tafuteni panapovuja kwa kipande cha katoni, msitumie mkono kamwe. Na mkifika hospitali msiseme "nimechomwa". Semeni oili ya presha imeingia ndani, ili daktari asikupeni dawa ya kidonda akawarudisha nyumbani.

Sasa habari ya haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamhusu kila mahali mtu anapofanya kazi katika Kenya, hata kwa kitambo kidogo, na haisemi kwamba karakana ya mabati kando ya barabara haimo. Yamlazimu mwenye mahali pa kazi kuhakikisha usalama wa wote wanaofanya kazi humo. Penye watu 20 au zaidi yataka pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wamo ndani yake. Tena yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, atoe habari kwa mkubwa wake, na mpaka hatari iondolewe asilazimishwe kurudi pale. Wala asifukuzwe kwa kuwa amelalamika. Maneno haya yako katika kitabu. Katika karakana twajua kuna njia nyingi za kumfukuza mtu bila kutaja sababu, na kwa hiyo twasema hatari isitolewe habari na mtu mmoja mmoja. Waende watatu, wanne, waandike, na nakala ije kwetu.

Nayo Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka uleule 2007, yamtaka mwajiri awe na bima ya watu wake, na mwanagenzi ahesabiwe pamoja na mfanyakazi. Ndugu yetu alipokuwa bado na mkono katika plasta aliletewa karatasi na pesa za dawa, akaambiwa atie sahihi "ili mambo yaishe". Alikuwa na akili, alisema hana mkono wa kuandikia, ingawa uliovunjika ni wa kushoto naye huandika kwa wa kulia! Karatasi ile tunayo. Yeyote atakayeletewa ya namna hiyo asitie sahihi kabla ya kuileta chamani, na asikawie, kwa sababu madai yana muda wake na miezi hupita upesi kwa mtu asiye na mshahara.

Tumemlaumu tajiri, na lazima tujilaumu nasi. Tulipokuwa tukizungumza na waajiri safari iliyopita tulikuwa na mambo mengi: mshahara, posho ya nyumba, saa za ziada, likizo. Stendi haikuwamo. Hakuna hata mmoja katika sisi wa halmashauri aliyeitaja, ingawa wawili wetu ni mafundi wa magari makubwa na tumelala chini ya malori yaliyosimama juu ya jeki mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Tuliona jambo dogo. Tajiri naye husema stendi ni ghali, na safari hii tulikwenda wenyewe dukani mjini kuuliza. Jozi moja ya stendi nzuri za lori si kitu mbele ya bei ya gurudumu moja jipya la lori lilelile lililomwangukia ndugu yetu, na magurudumu hayo yeye hununua kila mara bila ya kulia.

Kwa hiyo halmashauri ya tawi imekata shauri hivi. Katika mazungumzo yajayo jambo la stendi litakuwa la kwanza kwenye karatasi, kabla ya mshahara. Tunajua wengine hawatapenda, na waje mkutanoni waseme. Kila karakana yenye mwanachama wetu, na kila shamba lenye trekta, lichague mtu mmoja wa kuhesabu vitu viwili tu: jeki ziko ngapi, na stendi au nguzo za chuma ziko ngapi. Hesabu iletwe imeandikwa, kwa mkono inatosha, na yule binti wa bomba dogo amekubali kutusaidia kuzipanga kwa kuwa hati yake ni safi kuliko ya katibu.

Karakana ya ndugu yetu tumekwisha ihesabu. Jeki 4, stendi hakuna.